Kompyuta Moja, Wanafunzi 80: Mwongozo wa Kutumia Zana za Bure za Mtandaoni Darasani

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta mpakato moja, projekta inayogombaniwa na idara tatu, simu yake mwenyewe, na darasa la wanafunzi 80 ambao kanuni za shule haziwaruhusu kuja na simu. Hiyo ndiyo hali ya shule zetu nyingi hapa Tanzania, ilhali miongozo mingi ya TEHAMA huandikwa kana kwamba kila mtoto ana kompyuta mbele yake na mtandao haukatiki. Mimi hufundisha fizikia, kwa hiyo mfano nitakaoufuata ni somo la umeme mkondo katika Kidato cha Pili. Mwalimu wa hisabati au wa lugha nitamwelekeza kidogo njiani, na mengine atayabadilisha mwenyewe kulingana na somo lake.

Hatua ya kwanza: Tafuta mahali wanafunzi wanapokwama

Wengi wetu tukitoka kwenye semina za TEHAMA hurudi na majina ya zana kumi, kisha tunaanza kutafuta mada za kuzibebesha. Geuza mwelekeo huo. Chukua azimio la kazi, pitia majaribio ya mwezi uliopita, kisha andika kwenye karatasi jambo moja tu ambalo wanafunzi hulikosea kila mwaka hata baada ya kufundishwa kwa bidii.

Katika darasa langu jambo hilo ni hili: balbu mbili zikiunganishwa kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, wanafunzi wengi huamini kwamba balbu ya kwanza hula sehemu ya mkondo na ya pili hupata makombo. Wanajua fomula, wanakokotoa na kupata jibu sahihi, lakini ukiwauliza ni balbu ipi itakayowaka zaidi hukuonyesha ile iliyo karibu na betri bila kusita. Mchoro wa ubaoni hauiondoi imani hiyo, kwa kuwa hausogei, na maabara yenye ameta (vipimo vya mkondo) mbili, moja ikiwa haisomi sawasawa, haiwezi kuwahudumia watu 80 katika kipindi cha dakika 40.

Hapo ndipo zana ya mtandaoni inapostahili kupewa muda wa kipindi, yaani pale inapoonyesha jambo ambalo chaki haiwezi kulionyesha. Kama unafundisha sehemu za ua, peleka ua darasani.

Hatua ya pili: Chagua zana moja, nayo uihoji

Kabla ya kuipenda zana yoyote, iulize maswali matatu: je, inamtaka kila mwanafunzi awe na kifaa chake? Je, inafanya kazi mtandao ukiwa umezimwa? Je, neno "bure" lina maana ya bure kweli, au ni siku 14 za majaribio ambazo baadaye zitadai namba ya kadi ya benki? Maswali hayo huondoa nusu ya zana zinazosifiwa kwenye semina. Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni, kwa mfano, ni nzuri sana katika chumba chenye kompyuta nyingi, lakini kwa kawaida humtaka mwanafunzi ajibu kwa kifaa, na katika darasa nililolieleza haina mahali.

Kwa masomo ya sayansi, zana ninayoitegemea ni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Ni mkusanyiko wa simulesheni, yaani mifano inayotembea kwenye skrini na kuitikia kila unachokigusa: sakiti za umeme, mizani ya milinganyo ya kemia, kipimo cha pH, mwendo wa kitu kilichorushwa, uteuzi asilia na nyingine nyingi. Kuzitumia hakudai akaunti. Baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na jambo hilo lina uzito kwa mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha akakutana na fizikia kwa Kiingereza. Pale nakala zote mbili zinapopatikana, mimi huanza na ya Kiswahili hadi dhana ikae, ndipo nafungua ya Kiingereza ili apate maneno atakayoyakuta kwenye mtihani.

Mwalimu wa hisabati aitazame GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001. Andika mlinganyo wa kipeo cha pili wenye herufi a, b na c, weka vitelezi vitatu, yaani vitufe vya kuburuta ili kubadilisha namba, kisha sogeza a kutoka namba chanya kwenda hasi huku darasa likitazama grafu ikipinduka. Dakika mbili hizo huokoa grafu kumi za kuchorwa kwa rula. Mwalimu wa lugha na wa masomo ya jamii atanufaika zaidi na Kiwix, programu ya bure inayokuwezesha kuipakua Wikipedia nzima na kuisoma bila mtandao. Ile ya Kiingereza yenye picha huzidi gigabaiti 90, lakini ya Kiswahili hutosha kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ya kawaida. Vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na anayefundisha watoto wadogo kusoma atapata hadithi za Kiswahili zenye picha katika African Storybook.

Nimezitaja zote ili ujue zilipo. Kwa somo la kwanza chukua moja tu.

Hatua ya tatu: Pakua nyumbani na ujaribu mtandao ukiwa umezimwa

Mwaka wa kwanza nilipoanza kutumia projekta niliingia darasani nikitegemea intaneti ya simu yangu. Ukurasa ulifunguka nusu, alama ya kusubiri ikaanza kuzunguka, nami nikabaki nikiinua simu juu dirishani mbele ya wanafunzi waliokuwa wamekaa kimya wakinihurumia. Zilipotea dakika 25. Tangu siku hiyo sijawahi kuingia darasani na simulesheni ambayo bado iko mtandaoni.

Namna ya kufanya ni rahisi. Fungua phet.colorado.edu ukiwa mahali penye mtandao mzuri, tafuta simulesheni iitwayo Circuit Construction Kit: DC, bonyeza alama ya kupakua iliyo chini ya picha yake, na faili itahifadhiwa kwenye kompyuta. Ukubwa wake ni megabaiti chache tu, kwa hiyo hata kifurushi kidogo cha data kinatosha. Faili hiyo hufunguka kwa kivinjari cha kawaida kama ukurasa wowote, bila kusakinisha kitu. Inakili kwenye flashi mbili, kisha zima mtandao wa kompyuta, izime na kuiwasha upya, na uifungue tena. Ikifunguka na vifaa vyake vikasogea, ndipo useme umejiandaa.

Usiku huohuo ijenge sakiti utakayoionyesha. Betri ya simulesheni hii huanza na volti 9, na kila balbu ina ukinzani wa omu 10, jambo linalorahisisha hesabu za kichwa: balbu moja hupitisha ampea 0.90, balbu mbili kwa mfuatano ampea 0.45, na balbu mbili sambamba, yaani kila moja kwenye njia yake kutoka kwenye betri, hupitisha ampea 0.90 kila moja huku betri ikitoa 1.80. Ziandike namba hizo kwenye andalio la somo, maana utazihitaji wakati wanafunzi 80 wanakutazama.

Tazama pia mambo madogo yanayoharibu somo kubwa. Betri ya kompyuta iwe imejaa, kwa sababu umeme ukikatika projekta itazimika lakini kompyuta itabaki, nawe utaweza kuwaita wanafunzi mbele kwa makundi. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe hutosha kuwa skrini. Ukuta ukiwa na rangi nyingine, bandika shuka jeupe lililonyoshwa vizuri. Nenda ukae dawati la nyuma kabisa na uhakikishe kwamba namba zinasomeka kutoka pale.

Hatua ya nne: Andaa kadi za majibu

Mwalimu anayeuliza swali na kuitikiwa kwa sauti moja "ndiyo mwalimu" hajajua chochote kuhusu darasa lake. Ndiyo maana nashauri kuiunganisha simulesheni na Plickers, zana inayohitaji simu moja tu, nayo ni ya mwalimu. Kila kadi ni karatasi yenye umbo jeusi lisilofanana na la kadi nyingine. Umbo hilo lina pande nne zenye herufi A, B, C na D, na mwanafunzi huiinua kadi yake huku herufi ya jibu alilolichagua ikiwa juu. Mwalimu hupitisha kamera ya simu mbele ya darasa, na programu husoma kadi zote na kuonyesha nani amejibu nini. Herufi zimeandikwa ndogo mno, kwa hiyo jirani hawezi kunakili.

Jisajili wewe peke yako kwenye tovuti ya Plickers, pakua kadi na uzichapishe kwa rangi nyeusi. Seti ya kawaida ina kadi 40, na ile kubwa ina 63. Zibandike kwenye manila ili zidumu, lakini usizifunike kwa plastiki inayong'aa, kwa sababu mwanga wa dirisha utamulika na kamera haitasoma. Nina wanafunzi 80 na kadi 40, kadi moja kwa kila dawati la watu wawili, na siku hizi hata ningepata kadi 80 nisingezigawa zote: wawili wanaolazimika kukubaliana jibu moja hujadiliana kwanza, na mjadala huo mfupi una faida kuliko swali lenyewe.

Programu hii huhitaji intaneti kwenye simu wakati wa kusoma kadi, ingawa data inayotumika ni kidogo. Mtandao ukigoma, waambie wanafunzi waweke vidole kifuani, kimoja kwa A hadi vinne kwa D, nawe uhesabu kwa macho. Hutapata kumbukumbu ya kila mmoja, lakini hali ya darasa utaiona.

Hatua ya tano: Watabiri kabla hawajaona

Hatua hii ndiyo inayoamua kama teknolojia imefundisha au imeburudisha tu. Mwanafunzi anayeonyeshwa jambo kabla hajatamka mawazo yake hukubali kila kitu, anatikisa kichwa, na anaondoka na imani ileile aliyokuja nayo. Akishabashiri, tena mbele ya mwenzake, anakuwa na hamu ya kujua kama alikuwa sahihi.

Nieleze kipindi kilivyokwenda mara ya mwisho nilipofundisha mada hii, nilipokuwa na dakika 80 za vipindi viwili vinavyofuatana. Projekta ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa. Nilichora ubaoni betri moja na balbu mbili zinazofanana zilizounganishwa kwa mfuatano, nikatoa swali: A, balbu iliyo karibu na ncha chanya itawaka zaidi, B, iliyo karibu na ncha hasi, C, zote zitawaka sawa, D, hakuna itakayowaka. Kadi zikainuka. Madawati 23 kati ya 40 yalichagua A. Sikusema ni nani amepata. Niliwapa dakika nne wazungumze na dawati la nyuma yao, kila upande ueleze sababu kwa lugha yoyote inayowatoka kwa urahisi, nao wakazungumza Kiswahili kwa kelele ambayo mkuu wa shule alikuja kuichungulia.

Kisha nikamwita msichana mmoja aliyekuwa akiitetea A kwa nguvu, nikampa kompyuta, nikaondoa kitambaa. Usikishike kipanya wewe. Aliburuta betri, akaburuta balbu mbili, akaunganisha waya, na balbu zikawaka sawa. Kwanza alidhani ameunganisha vibaya. Akachukua ile ameta ya simulesheni isiyohitaji waya kukatwa, ambayo unaweka tu msalaba wake juu ya waya unaotaka kupima, akapima kabla ya balbu ya kwanza: 0.45. Katikati ya balbu: 0.45. Baada ya balbu ya pili: 0.45. Akarudi mwanzo akapima tena. Kwenye skrini elektroni zilionekana kama vitone vya buluu vikitembea kwa mwendo uleule kila mahali, wala hakuna kilichopungua baada ya kupita kwenye balbu. "Kumbe hauliwi, unazunguka," alisema, na sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Baada ya hapo endelea kwa mtindo uleule, swali kwanza na skrini baadaye. Tukiongeza balbu ya tatu kwa mfuatano, mkondo utakuwaje? Waache wakokotoe: volti 9 kwa omu 30 ni ampea 0.30, na ndipo apimaye aende kupima. Tukiziweka balbu mbili sambamba, zitafifia au la? Wengi husema zitafifia kwa kuwa "zinagawana," na hushangaa kuona kila moja inawaka kama ilivyokuwa peke yake, huku betri ikifanya kazi maradufu. Mwishoni waruhusu waunganishe ncha mbili za betri kwa waya mtupu. Moto utawaka kwenye skrini, darasa litapiga kelele, na utapata dakika nzuri ya kueleza kwa nini nyumbani tuna fyuzi.

Hatua ya sita: Rudi kwenye vifaa halisi, ukiwa umejihadhari

Simulesheni haichukui nafasi ya maabara, na mwanafunzi wetu atafanya mtihani wa vitendo kwa waya na ameta za kweli. Kwa hiyo katika kipindi kinachofuata leta betri za tochi, balbu ndogo na waya. Hapa kuna mtego ambao ulinisumbua miaka miwili kabla sijauelewa: balbu mbili za tochi zilizonunuliwa duka moja hazifanani kabisa, na mara nyingi moja itawaka zaidi ya nyenzake. Ikitokea kwamba iliyo karibu na betri ndiyo iliyowaka zaidi, wanafunzi watasema kompyuta ilidanganya, na imani ya makombo itarudi siku hiyohiyo.

Dawa yake ni kuzibadilisha nafasi balbu hizo mbele yao. Kabla ya kuzibadilisha uliza tena: mwanga mkali utabaki mahali palepale, au utahama na balbu? Mwanga huhama na balbu. Hapo wanaona kwamba tofauti iko ndani ya balbu yenyewe, haitokani na nani amepata mkondo kwanza, na unaweza kuwaambia waziwazi kwamba simulesheni inaonyesha balbu zinazofanana kikamilifu, kitu ambacho kiwanda hakiwezi.

Hatua ya saba: Linda majina ya watoto

Zana ya bure mara nyingi hutaka kujua watumiaji wake, na sisi ndio tunaoshika taarifa za watoto wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu na mwalimu. Katika Plickers mimi siandiki majina kamili; naandika namba ya dawati, na orodha ya nani anakaa wapi inabaki kwenye daftari langu. Usimfungulie mwanafunzi akaunti kwa barua pepe ya kubuni, usipige picha darasa likiwa limeinua kadi na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp, na mjulishe mkuu wa shule mapema kwamba utatumia simu darasani kama zana ya kufundishia, ili mwalimu wa zamu asije akashangaa.

Hatua ya nane: Andika kilichotokea, kisha wape wenzako

Jioni ileile, kabla hujasahau, andika kwenye andalio la somo idadi ya madawati yaliyochagua kila jibu kabla na baada ya kuona. Rudia swali hilohilo kwa kadi baada ya wiki tatu bila kuwatangazia. Nilipofanya hivyo, madawati sita yalikuwa yamerudi kwenye A, nami nikajua ni yapi na nikakaa nayo wakati wa mapumziko. Kama wengi wamerudi, somo halijakaa hata kama siku ile walishangilia, na linahitaji kufundishwa upya kwa njia nyingine.

Faili zote ziweke kwenye flashi moja ya idara, katika mafolda yaliyopewa majina ya mada kwa utaratibu wa muhtasari, wala si majina ya programu, ili mwalimu mgeni atafute "umeme mkondo" na aupate. Ndani ya kila folda weka simulesheni yenyewe, maswali ya kadi, na ukurasa mmoja wenye namba za kutarajia kama zile za 0.90, 0.45 na 1.80. Flashi ya pili ifungiwe kabatini kwa mwalimu wa taaluma, na kila mwanzo wa muhula mmoja wenu aifungue, ajaribu kila faili mtandao ukiwa umezimwa, na kuibadilisha ile iliyoharibika.